Nguo za Michirizi Remera: Kuzisoma Picha za Vita vya Mwaka 1994

Aprili 1994 kilima cha Remera, mashariki ya Kigali, kilikuwa na majeshi matatu karibu kugusana. Makao makuu ya UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa, yalikuwa Hoteli Amahoro. Jirani yake, ndani ya Uwanja wa Amahoro, walijazana watu waliokimbia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi; makadirio ya siku zile yaliwahi kufika watu 12,000. Mwezi huo huo askari wa RPA, jeshi la RPF Inkotanyi, waliushika upande huo wa mji, na ng'ambo, kuelekea uwanja wa ndege, kambi ya Kanombe ilibaki mikononi mwa FAR, jeshi la serikali, hadi Mei 22. Picha zilizopigwa katika eneo hilo hurudi kila mwaka ifikapo Aprili 7, siku ya kumbukumbu ya mauaji hayo, magazetini na kwenye simu za watu, na nyingi zimeshapoteza maelezo yake njiani. Askari amesimama, ana bunduki, nyuma yake kuna ukuta na mgomba. Ni nani huyu? Wengi hutazama nguo kisha wakajibu hapo hapo. Hoja yangu ni kwamba nguo na silaha hujibu kwanza maswali mengine: kitu hiki kilitengenezwa wapi, na kingeweza kufika hapa lini. Upande wa askari huja baadaye, nao huja tu pale nguo, zana, ardhi na tarehe vinapokubaliana. Anayeziruka hatua hizo hukosea mara nyingi kuliko anavyodhani, na katika historia ya Rwanda kosa la aina hiyo haliishii kwenye picha.

Tuanze na nguo yenyewe, maana hapa ushahidi ni mwingi. Katika picha za 1993 na 1994 askari wengi wa RPA wamevaa gwanda la jeshi la Ujerumani Mashariki. Kitambaa chake ni cha kijivu kinachoelekea ukijani wa vumbi, na juu yake imechapwa michirizi mifupi ya kahawia inayoshuka wima, kama mvua inayoanza kunyesha. Halina mabaka makubwa yanayokatiana kama magwanda ya Kibelgiji au ya Kifaransa ambayo majeshi mengi ya ukanda huu yaliyazoea. Hapo ndipo tatizo la kwanza linapozuka. Michirizi hiyo ni myembamba mno. Picha ikipigwa kutoka mbali, au ikachapwa gazetini kwa nukta nene, au ikapunguzwa na kutumwa mara kumi kwa simu, michirizi hupotea na gwanda huonekana la rangi moja tu. Mtu huyo huyo, siku hiyo hiyo, kwenye picha moja ana sare ya michirizi na kwenye nyingine ana sare ya kawaida. Kwa hiyo mwenye kusoma picha kwa makini haishii kwenye rangi, anatafuta mshono. Gwanda la Ujerumani Mashariki lina mifuko kwenye mikono, karibu na bega, yenye kifuniko na kifungo. Mfuko wa namna hiyo huonekana hata pale ambapo rangi imekwisha, kwa sababu unaacha kivuli chake. Mara nyingi mifuko ya magazini kiunoni nayo ni ya kitambaa kile kile. Na chini kabisa, ikiwa picha haikukatwa, kuna kitu ambacho watu wa Kigali hawakukisahau: mabuti ya mpira, gambuti, yale ya wakulima na wafuga ng'ombe, miguuni mwa askari.

Nguo hizo zina tarehe ndani yake. RPF ilivuka mpaka Kagitumba Oktoba 1, 1990. Wapiganaji wake wengi walikuwa wametoka katika jeshi la Uganda, NRA, nao walivuka wakiwa na sare za jeshi hilo huku wakizibandua alama za Uganda. Siku iliyofuata, Oktoba 2, Fred Rwigema, kamanda wao, aliuawa. Usiku wa siku hiyo hiyo, maelfu ya kilomita kutoka hapo, jeshi la Ujerumani Mashariki lilivunjwa rasmi ili nchi mbili za Kijerumani ziungane Oktoba 3. Mambo haya mawili hayakuhusiana hata kidogo, lakini yana maana kubwa kwa anayepanga picha kwa miaka. Maghala ya jeshi lisilokuwepo tena yalijaa nguo zilizokosa wa kuzivaa, na nguo hizo zikaanza kusambaa duniani. Basi picha inayoonyesha kundi zima lililovaa michirizi, na maelezo yake yakadai ni ya siku za kwanza za Oktoba 1990, inastahili kutiliwa shaka mpaka ithibitishwe kwa njia nyingine. Ile inayoonyesha vijana waliovaa sare za kijani mchanganyiko, bila alama, inaafikiana zaidi na siku hizo. Kitambaa hakijatuambia jina la mtu, lakini kimetupunguzia miaka ya kutafuta, na hiyo ni faida kubwa.

Pingamizi la kwanza ni zito, na wanaolitoa wana haki. Wanasema: nguo ya vita hutekwa. Askari aliyeshinda huvaa viatu vya aliyeshindwa, mfungwa huvuliwa koti, mgambo huokota kofia. Ikiwa hivyo ndivyo, sare inathibitisha nini? Historia ya eneo hili inalipa pingamizi hilo nguvu. Novemba 25, 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake wa Afrika Mashariki ya Kijerumani walivuka Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno huko Ngomano. Wakatoka hapo wakiwa na bunduki, risasi na nguo za Kireno. Mwaka mmoja baadaye, siku kama hiyo hiyo, Novemba 25, 1918, walipoweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, walikabidhi mzinga mmoja wa Kireno, bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno, na bunduki za rashasha 37, ambazo kati yake 7 tu ndizo zilikuwa za Kijerumani. Anayetazama picha za askari wale wa mwisho na kuwapanga kwa bunduki walizoshika atawaweka kwenye jeshi la adui yao. Mizinga nayo ilihama mikono. Mizinga ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliopolewa kutoka mtoni Rufiji, ikafungwa magurudumu na kupigana nchi kavu. Mmoja wao leo uko mbele ya Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar Septemba 20, 1914. Maadui wawili sasa wamewekwa pamoja, na mpita njia asiyesoma kibao atadhani ni ndugu.

Hata hivyo pingamizi hilo, likifuatwa hadi mwisho wake, linathibitisha hoja badala ya kuibomoa. Tunajua kwamba bunduki za Abercorn zilikuwa za nyara kwa sababu ziliandikwa moja moja, na kwa sababu tunaijua Ngomano. Kitu kilichotekwa kina njia yake, na njia hiyo ina mahali na siku. Kabla ya siku hiyo kilikuwa cha upande mmoja, baada yake cha mwingine. Kinachotakiwa kwa msomaji wa picha ni kuijua siku ya kugeuka. Chukua magari ya deraya ya Kifaransa, Panhard AML, yale mafupi ya magurudumu manne yenye mtutu kwenye mnara wake unaozunguka. Wakati wa vita vya Rwanda yalikuwa ya FAR. RPA haikuwa na magari ya deraya ilipotoka msituni. Baada ya Kigali kuangukia mikononi mwa RPA Julai 4, 1994, sehemu ya zana za FAR ilivukishwa kwenda Zaire pamoja na jeshi lililoshindwa, na sehemu ikabaki na kuingia katika jeshi jipya. Gari lile lile la Panhard, kwa rangi ile ile, likionekana katika mtaa wa Kigali Machi 1994 lina maana moja; likionekana Septemba lina maana nyingine kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya picha kama hiyo linapaswa kuwa la tarehe. Majani ya miti, mvua au vumbi, vioo vilivyopasuka kwenye majengo, vyote hivyo vina la kusema zaidi kuhusu tarehe kuliko gari lenyewe.

Bunduki ni ngumu zaidi, na hapa sina budi kupunguza imani ambayo watu wengi wanayo. Husemwa kwamba Kalashnikov ni ya waasi na bunduki ya Magharibi ni ya serikali. Kwa Rwanda kanuni hiyo haisimami. Januari 1994 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya silaha zilizoingia Rwanda, ikieleza mkataba wa Machi 1992 ambao serikali ya Rais Habyarimana ilinunua kwa Misri silaha za dola milioni 6, na ununuzi mwingine wa Afrika Kusini wa Oktoba mwaka huo wa dola milioni 5.9. Miongoni mwa zile za Misri zilikuwemo Kalashnikov. Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na magazini yaliyopinda. Tofauti ipo, lakini imejificha kwenye vitu vidogo: kitako cha mbao au cha plastiki yenye chunusi kama ile ya Ujerumani Mashariki, shabaha ya mbele iliyofunikwa duara zima na singe inayokunjwa chini ya mtutu kwa zile za Kichina. Picha nzuri iliyopigwa karibu huonyesha mambo hayo. Picha ya kawaida haionyeshi, na mtu anayetaja aina ya bunduki kwa uhakika kutoka picha yenye ukungu anabahatisha.

Ziko pia rangi ambazo kamera ilizila. Majandarmu wa Rwanda walijulikana kwa bereti nyekundu. Katika picha ya rangi hakuna shida. Katika picha nyeusi na nyeupe, nyekundu hugeuka kijivu kizito, na jandarmu hufanana na askari wa bereti nyeusi. Katika filamu za zamani zaidi, za wakati wa vita vya kwanza vya dunia, nyekundu ilitoka nyeusi kabisa. Jambo hili linaonekana dogo hadi lifike mahakamani. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha, ikiwemo kesi ya Théoneste Bagosora na wenzake iliyohukumiwa Desemba 18, 2008, mashahidi waliulizwa tena na tena waliwatambuaje wauaji kuwa wa kikosi gani, na bereti na sare zilikuwa sehemu ya majibu yao. Aprili 7, 1994 watu 17, mapadri na vijana wa kike wengi wao, waliuawa katika Kituo cha Christus hapa hapa Remera. Ni nani aliyeingia pale, na amevaa nini, si suala la wapenda kukusanya vitu vya kale. Wale wanaosema kuchunguza nguo ni kuwasahau wafu wanaweka mambo kinyumenyume. Mara nyingi nguo ndiyo kumbukumbu pekee ambayo aliyenusurika aliweza kuiondoa pale na uhai wake.

Ila lazima tuseme pia kwamba kukosekana kwa sare hakuthibitishi kwamba askari hakuwepo. Katika ujumbe ambao Jenerali Roméo Dallaire aliutuma New York Januari 11, 1994, ule unaokumbukwa kwa habari ya silaha zilizofichwa, imo taarifa kwamba makomando 48 wa miamvuli wa FAR na baadhi ya majandarmu walishiriki maandamano ya siku chache kabla yake wakiwa wamevaa kiraia. Interahamwe nao walivaa vitenge vya chama, au nguo za nyumbani, au koti la jeshi juu ya suruali ya kazi. Picha ya kizuizi cha barabarani isiyo na sare hata moja haiwezi kutumiwa kudai kwamba jeshi halikuwa na mkono pale. Wakanushaji wa mauaji ya kimbari wanaipenda sana hoja hiyo, na usomaji mbovu wa picha unawapa riziki.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa hatari ya kukiamini kitu kilichopigwa picha unatoka upande wa pili wa uwanja wa ndege. Usiku wa Aprili 6 ndege Falcon 50 iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ikikaribia Kanombe. Baadaye zilijitokeza picha za mrija wa kurushia kombora aina ya SAM-16, wenye namba zake, zikitolewa kama ushahidi wa silaha iliyotumika, na namba hizo zikafuatwa ili kuelekeza lawama kwa RPF. Mwaka 1998 tume ya wabunge wa Ufaransa iliyoongozwa na Paul Quilès ilizichunguza picha hizo. Ikaona kwamba, kwa yote yanayoonekana, kombora lilikuwa bado limo ndani ya mrija. Mrija ambao haujafyatuliwa hauwezi kuwa ule uliotungua ndege, na tume haikuona sababu ya kuutegemea kama ushahidi. Namba zilisomeka vizuri na aina ya silaha ilitambuliwa sawasawa. Kilichoanguka ni dai kwamba kitu kile kilifanya tendo lile. Wataalamu waliotumwa Kigali na majaji Marc Trévidic na Nathalie Poux walifuata njia nyingine: walipima mabaki ya ndege yenyewe, mahali walipokuwa mashahidi na jinsi sauti ilivyowafikia. Ripoti yao ya Januari 2012 iliona kwamba eneo la kambi ya Kanombe ndilo lililoelekea zaidi kuwa mahali pa kurushia. Kesi ya Ufaransa dhidi ya watu waliokuwa karibu na Paul Kagame, aliyeiongoza RPA, ilifungwa Desemba 2018, na Mahakama ya juu ya huko ikaithibitisha hatua hiyo Februari 2022. Ninachokiona cha maana kwa kazi yetu ni kwamba wataalamu wale walianzia ardhini.

Na ardhi ya Remera ni shahidi mwema. Aliyevaa michirizi na akaonekana kwenye barabara ya kurukia ndege ya Kanombe hakupigwa picha kabla ya Mei 22, kwa kuwa kabla ya siku hiyo RPA haikuwa pale. Aliyevaa michirizi mbele ya jengo la CND, bunge la leo kule Kimihurura, anaweza kuwa wa wakati wowote tangu Desemba 28, 1993, siku wanajeshi 600 wa RPA walipoingia humo chini ya Mkataba wa Arusha, ule wa amani kati ya serikali na RPF. Hapo sasa tutatazama ukuta. Ukiwa mzima, ni kabla ya Aprili. Ukiwa na matundu ya mabomu, ambayo hadi leo yameachwa yaonekane, ni baada. Katika Uwanja wa Amahoro tunatazama nani yumo pamoja na askari: helmeti za bluu za Waghana wa UNAMIR, turubai, masufuria juu ya mafiga, nguo zilizoanikwa kwenye majukwaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohusu mabaka ya nguo, na bado vikikutanishwa na nguo vinaweza kuibana picha ndani ya wiki chache.

Anayepinga atasema kwamba kazi yote hii ni ndefu mno kwa picha moja ya gazeti. Ni ndefu, kweli. Lakini tumeona kinachotokea isipofanyika. Picha za Goma za Julai 1994, za wakimbizi waliokufa kwa kipindupindu baada ya FAR na Interahamwe kuvuka nao mpaka, zimetumika mara nyingi kuonyesha mauaji ya kimbari yenyewe, na hivyo waliouawa wamebadilishwa na watu wengine, katika nchi nyingine, kwa sababu nyingine. Kwa upande wa pili, miaka miwili baadaye watu wa mashariki ya Zaire walifanya usomaji huu bila kamera wala mtaalamu. Waliona gambuti miguuni mwa baadhi ya askari wa AFDL, kundi la waasi la Laurent-Désiré Kabila, wakasikia Kiswahili chao, wakasema hawa wametoka Rwanda, huku Kigali ikikana. Julai 1997, baada ya Kinshasa kuanguka Mei 17, Kagame aliliambia gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ilikuwa imeipanga na kuiongoza sehemu kubwa ya vita hivyo. Wananchi walikuwa wameona sawa. Ila tuangalie kwa nini waliona sawa: gambuti peke yake isingetosha, kwa kuwa huuzwa kila duka la zana za kilimo. Waliiunganisha na lugha, na njia askari walikotokea, na nidhamu yao barabarani. Askari wengi wa Kabila, vijana wa Kikongo waliosajiliwa njiani, wakiwemo kadogo, yaani askari watoto, nao walivaa gambuti. Picha ya mmoja wao Kinshasa, ikipewa maelezo kuwa ni Mnyarwanda kwa sababu ya viatu tu, ni uongo.

Kwa hiyo maelezo ya picha yanapaswa kubeba kiwango cha uhakika wake. Badala ya kuandika "Askari wa RPF, Kigali, 1994", mhariri aandike: askari mwenye gwanda la Ujerumani Mashariki na mabuti ya mpira, yaelekea wa RPA, upande wa mashariki wa Uwanja wa Amahoro, Remera, baada ya katikati ya Aprili 1994, wakimbizi wakiwa bado wamo ndani. Mstari umerefuka, lakini kila sehemu yake inaweza kusahihishwa na mtu mwingine bila kubomoa nzima. Na wakati wa kusahihisha ndio huu. Majukwaa ya zamani ya Amahoro hayako tena. Uwanja ulijengwa upya na kufunguliwa Julai 1, 2024 ukiwa na viti 45,000, na asiyeujua wa kwanza hawezi tena kusimama pale na kulinganisha picha na ukuta. Waliojificha humo wakiwa na miaka 20 sasa wamepita 50. Wanakumbuka lango lilikuwa wapi, maji yalichotwa upande gani, na askari gani alisimama kwenye mlango upi. Picha hizo wapelekewe wao kwanza, zikiwa zimechapwa kwa ukubwa ambao mfuko wa begani unaonekana.